Wageni Wenye Mbuzi

Mama yangu aliwapa wageni mbuzi. Hoteli za siku hizi hutoa kadi, hutoa matunda kwenye sahani, hutoa taulo iliyokunjwa mpaka ikafanana na bata. Mama, katika gesti yake ndogo pale kwenye senta ya wachimbaji, upande wa Tarime unaotazamana na Serengeti, alitoa mbuzi jike, mzima, na mgeni aliyepewa mbuzi huyo aliondoka kesho yake bila mbuzi.

Nieleze, maana nimewahi kusimulia habari hii mbele ya wenzangu wa kazi za hoteli wakadhani nimelewa. Kwetu mtu mwenye mifugo haweki yote kwenye zizi moja. Ng'ombe wengine huwaweka kwa rafiki yake wa kijiji kingine. Yule rafiki atawachunga, atakamua maziwa anywe na watoto wake, na ng'ombe akishazaa mara kadhaa hupewa ndama mmoja awe wake kabisa. Lakini ng'ombe mwenyewe hubaki wa yule aliyemweka. Wezi wakipita upande huu, walio upande ule wanapona. Ugonjwa ukiingia upande ule, wa huku wanabaki. Hiyo ndiyo sababu wazee wanayokutajia ukiwauliza. Sababu kubwa zaidi ni kwamba watu wawili wenye ng'ombe wa namna hiyo kati yao hawawezi tena kusahauliana. Watatembeleana, wapende wasipende.

Hiyo ni desturi ya wanaume na ng'ombe. Mama aliichukua akaifanya ya mwanamke na mbuzi. Mfanyabiashara aliyelala kwetu mara za kutosha, na kutosha huko alikujua mama peke yake, aliitwa nyuma ya nyumba baada ya chai ya asubuhi, akaonyeshwa banda na kuambiwa, "Yule mwenye baka jeupe shingoni ni wako. Sisi tunakutunzia." Mtoto wa kwanza wa kike angekuwa wa mgeni, wa pili wa nyumba. Dume lingechinjwa mgeni akiwepo, naye angekaribishwa nyama na kichuri, ule mchuzi wetu wa utumbo wenye uchungu ambao watu wa mbali huuonja mara ya kwanza kwa adabu na mara ya pili kwa uroho.

"Mtu hurudi penye mali yake," mama alikuwa akisema. Hakuwahi kuhudhuria semina yoyote.

Na walirudi. Ile ilikuwa miaka ya dhahabu, kila mtu alikuwa anakuja kwetu. Maduara, yale mashimo ya dhahabu, yalichimbwa mpaka kwenye mashamba ya muhogo, mashine za karasha zilisaga mawe mchana kutwa, na vumbi lake lilikaa juu ya majani, juu ya nguo zilizoanikwa, na juu ya ugali usipofunikwa upesi. Wachimbaji walilala kwenye vibanda vyao vya maturubai. Kwetu walilala wale wanaokuja na kuondoka: mabroka wa dhahabu wa Mwanza na mizani zao kwenye mifuko ya ngozi, wauza kamba na dizeli, wauza mitumba waliovukia Sirari. Watu hawa, waliokuwa wakali kama pilipili wakiwa kazini, ungewakuta jioni wamesimama bandani kwetu wanabishana mbuzi wa nani amenenepa. Broka mmoja alinigombeza kabisa kwamba wake namnyima majani. Nilimjibu kwamba mbuzi wake ni mvivu kama mwenyewe. Mama alinikanyaga mguu, lakini broka alicheka, na safari iliyofuata alikuja na jiwe la chumvi la kulambisha.

Mimi nina hasira za karibu, nimezaliwa nazo. Wakati huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikutaka kitu kingine chochote duniani ila ile gesti. Nilipenda kufungua madirisha mgeni anapoondoka na kuyafunga mwingine anapokuja. Nilijua nani anataka beseni la maji ya kunawa miguu kabla hata hajaamkiwa, nani aamshwe kabla ya basi la alfajiri, nani asiletewe viazi vitamu maana vinamjaza tumbo. Kandambili za kila mgeni wa kudumu nilizihifadhi, nikazitoa siku ya kufika kwake na kuziweka chini ya kitanda chake, kitanda kilekile. Baba alikuwa amefariki. Yeye na mama waliijenga nyumba ile kwa kuuza ng'ombe, jambo ambalo mdogo wake baba hakuwasamehe kamwe, kwa sababu kwake yeye nyumba ya matofali ni kitu kisichozaa.

Huyo baba mdogo ndiye aliyekuwa mkubwa wa mji wetu, yaani nyumba zote za ukoo, baada ya baba. Alikaa kwenye boma la ukoo, mwendo mfupi kutoka senta, na ng'ombe wote wa ukoo walilala kwenye zizi lake. Hakuwa mtu mbaya. Alitupenda kwa namna yake, na alitutembelea mara kwa mara kuangalia kama matofali yamezaa.

Kati ya wageni wetu wenye mbuzi, niliyempenda kuliko wote alikuwa mzee mmoja wa Morogoro, muuza pampu za kuvuta maji kwenye maduara. Watu wote walimwita Mzee wa Pampu. Alikuwa mnene, mpole, mwenye jasho jingi, na alivaa koti hata jua likiwa la kupasua mawe. Mbuzi wake alizaa vizuri kuliko wa wengine wote, naye aliona haya kwa bahati hiyo, akawa anagawa watoto wa mbuzi kwa wapangaji wenzake. Masika moja alishikwa na malaria kali akiwa chumbani kwetu. Mama alimtafutia daktari, mimi nikakaa naye, nikampikia uji wa ulezi, nikafua mashuka, nikamgombeza alipokataa dawa. Alipopona alisema kuna watoto wake wa kuzaa ambao wasingemfulia shuka lile. Kisha akaenda Mwanza kufuata mzigo wa pampu, na huko njiani ndiko moyo wake mwema ulikotutia matatani.

Alipita mnadani. Akaona ng'ombe wanauzwa. Akafikiri, kama angefikiri mtu yeyote wa Morogoro, kwamba yule mama wa gesti amempa mbuzi, basi yeye atampa ng'ombe. Alichagua mtamba mwekundu, mzuri sana, ambaye bado hajazaa, akawatafuta vijana wawili wa kuswaga na kuwaambia, "Mpelekeni kwa mama mwenye gesti, kule senta. Mwambieni ni asante yangu kwake, na kwa binti yake pia." Akapanda basi akaenda zake.

Wale vijana walikuwa Wakurya wenye malezi mazuri. Ng'ombe hapelekwi mlangoni kwa mwanamke kama kuku. Ng'ombe hupelekwa kwenye zizi la mwanaume wa mji. Na mtamba akitoka kwa mwanaume mgeni, akija kwenye mji wenye msichana aliyeiva, na maneno yaliyotumwa yakamtaja huyo msichana, hakuna haja ya kuuliza maswali ya kitoto. Wakamfikisha moja kwa moja kwenye zizi la baba mdogo, wakasema wametumwa na Mzee wa Pampu, na kwamba binti ametajwa. Baba mdogo aliwapa pombe, akaita majirani, na wakamtazama yule mtamba mpaka giza likaingia.

Asubuhi alikuja gesti amevaa kofia yake ya sikukuu. Nilikuwa nadeki ukumbi.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Acha hiyo deki. Umepata mtu."

Nilidhani mgeni amefika. Nikauliza kama ana mizigo mingi.

Alipoeleza, mama alikaa kwenye ndoo. Alisema yule mtu ana mke, ana wajukuu.

"Mke mmoja ni ugonjwa?" baba mdogo akauliza. "Mtu amefuga kwenu. Amekula kwenu. Ameugua kwenye kitanda chenu, binti akamwosha miguu. Sasa ameleta mtamba. Mnataka awaandikie ubaoni?"

Nilitupa tambara la deki, likapiga ukuta karibu na kofia yake. Hakukasirika. Alinihurumia, na hilo lilinichoma zaidi. Ndipo akaeleza habari yote. Mwanawe wa kwanza, kaka yangu, alikuwa amechumbia msichana wa kijiji cha Kemambo, na wakwe walikuwa bado wanangoja ng'ombe. Kwetu ng'ombe wanaoletwa kwa dada ndio wanaotolewa mahari ya mke wa kaka. Yule mtamba angepelekwa Kemambo kuanzia sasa, na wengine wangefuata Mzee wa Pampu akija kumaliza maneno yake. Na mtamba akishalala kwenye zizi la wakwe wa kaka, mimi nimekwisha. Huwezi kumrudisha bila kuvunja ndoa ya mwingine. Na hata kama Mzee wa Pampu angenikana, ningeitwa msichana aliyekanwa, na baba mdogo angenitafutia mwingine wa kujaza pengo. Niliyaelewa hayo yote nikiwa nimesimama kwenye maji ya deki, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Mama aliinuka kwenye ndoo. "Ng'ombe ameletwa na wachungaji," alisema. "Wachungaji hawaposi. Mngoje mwenyewe aje aseme."

Hilo lilikuwa kweli, na baba mdogo alilijua. Ng'ombe wa posa lazima asemewe. Akakubali kungoja Mzee wa Pampu arudi na mzigo wake, lakini akipita bila kuja kusema, ukimya wake ungehesabiwa ni kibali na mtamba angeondoka.

Basi yote yakawa yanategemea jambo moja: akija, alale kwetu. Na jambo hilo, ambalo mwaka mmoja kabla yake nisingelitilia shaka, sasa lilikuwa na shaka, kwa sababu jirani yetu alikuwa amejenga gesti ya ghorofa. Alikuwa na jenereta. Alikuwa na friji. Na alikuwa na kadi nyekundu alizochapisha Kisii, ambazo kila ukilala kwake zilitobolewa tundu, na matundu yakijaa unalala bure na kupewa soda baridi. Vijana wake walisimama kituo cha basi wakanyakua mabegi ya watu kabla wenyewe hawajashuka. Tulikuwa tumeshapoteza wageni, hata wenye mbuzi. Yule broka wa chumvi alilala kule siku moja, akaja kwetu mchana kumwona mbuzi wake, kwa aibu, kama mtu aliyekuja kumwona mtoto wa nje.

Nilimsihi mama twende kituoni na sisi. Alikataa. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," akasema. Nilimwambia kwamba mimi ndiye ninayekaribia kuuzwa. Alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. Alikuwa anaogopa kama mimi, ila mama hakujua kumvuta mgeni. Maisha yake yote alikuwa amejua kungoja tu.

Siku Mzee wa Pampu alipofika, basi liliingia mchana, nami nilikuwa uani nafua. Muuza maandazi wa jirani alipita akasema amemwona mzee wetu anaingizwa ghorofani, begi liko mbele yake. Sikumuaga mama. Nilikwenda na mapovu mikononi.

Nilimkuta amekaa kwenye kochi la mapokezi, feni inampepea, chupa ya soda mkononi. Binti wa mapokezi alikuwa anamwandalia kadi. Mzee aliponiona alianza kuinuka kwa furaha, kisha akawa kama amekumbuka kitu, akaketi tena.

Nilikuwa nimepanga kusema mengi njiani. Mbele ya watu wale na ile feni, yote yalinitoka. Nikasema lililo kweli na lililo karibu.

"Shikamoo, mzee. Mbuzi wako amezaa. Mapacha."

"Mapacha?"

"Majike wote."

Aliweka soda chini. Binti wa mapokezi alimwita, mzee, kadi yako, lakini alikuwa ameshachukua begi lake mwenyewe na kutangulia mlangoni. Nimefanya kazi hii ya kupokea wageni miaka mingi tangu siku ile, kwanza kwenye kambi ya watalii upande wa Natta, sasa kwenye hoteli yangu pale Mugumu, na nimefundishwa mbinu nyingi za kumfanya mteja arudi. Sijaona mbinu iliyomwinua mtu kwenye kochi namna ile.

Njiani alinipa mkono wa pongezi. "Nilitaka kuja kwenu," alisema. "Vijana wa kule kituoni wameniambia hamlazi wageni, mna shughuli ya harusi. Ni ya nani?"

"Yangu."

"Hongera sana, mwanangu. Anayeoa ni nani?"

"Ni wewe, mzee."

Alisimama katikati ya barabara. Pikipiki ilimpita karibu na koti lake, wala hakusogea. Nilimweleza yote hapo hapo, habari za mtamba, wachungaji, kofia ya baba mdogo, na Kemambo. Alitafuta jiwe akakaa. Alisema ana binti aliyenizidi umri. Alisema mkewe akisikia atakuja kwa miguu kutoka Morogoro. Halafu akasema atakwenda sasa hivi kumchukua ng'ombe wake yaishe.

"Ukimchukua utakuwa umenikataa," nikasema. "Ng'ombe wa posa akirudishwa, watu watauliza msichana ana kasoro gani."

"Sasa nifanyeje?"

Sikujua. Aliyejua alikuwa mama. Alimpa kwanza beseni la maji, akamwacha anawe miguu, akampa chai, akamwonyesha wale mapacha wa mbuzi. Kisha akamwambia kwamba kuna namna moja tu ya ng'ombe wa mtu kulala kwenye zizi la mwingine bila kuwa zawadi wala mahari. Ni kuwekwa. "Kesho utasema hukumtoa. Umemweka. Utasema umemweka kwangu, tukutunzie." Mzee wa Pampu alitaka kumpa mama ng'ombe yule kwa moyo wote, na sasa ilimbidi abaki naye. Alisikitika. Mama akamwambia kwa upole kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwamba safari hii kupona kwetu ndiko huko.

Asubuhi tulikwenda watatu. Wazee wa ukoo walikuwa wameshakaa mlangoni pa zizi, kwenye viti vyao vidogo, na mtamba alikuwa amefungwa pembeni, anang'aa. Mimi na mama tuliketi chini, nyuma kidogo. Baba mdogo alimshukuru mgeni kwa maneno mengi mazuri, kisha akamwambia aseme.

"Huyu mtamba ni wangu," Mzee wa Pampu akasema. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Sijamtoa. Nimemweka."

Baba mdogo alimtazama mama, akajua maneno yametoka wapi. Mzee mmoja, mkubwa kuliko wote pale, aliegemea fimbo yake.

"Umemweka kwa nani, mura?" Ni neno la kumwita mwanaume kwetu, na kumwita nalo mtu wa Morogoro ilikuwa heshima.

"Kwa mama huyu."

"Ng'ombe wa mjane hulala kwenye zizi la ndugu wa mume," yule mzee akasema. "Kama umemweka kwake, umemweka hapa."

"Basi yuko mahali pake," baba mdogo akasema, na akatabasamu. Niliona mabega ya mama yameshuka. Mtamba akibaki pale, baba mdogo angeweza kumwomba mgeni, angeweza kumbembeleza, angeweza kungoja mpaka mgeni asirudi tena machimboni, na siku yoyote mtamba angejikuta Kemambo. Mama alikuwa amefika mwisho wa akili zake zote.

Mzee wa Pampu alijipangusa uso kwa kitambaa. Alionekana kama mtu aliyepotea njia katika kijiji cha watu. Kisha akageuka akanitafuta kwa macho pale chini nilipokaa.

"Nimekosea kusema," alisema. "Nimemweka kwa huyu binti."

Wazee walicheka. Mmoja akasema msichana hana zizi, msichana kesho ni wa watu wengine, utawekaje mali kwa mtu anayepita.

"Mimi ndiye ninayepita," Mzee wa Pampu akajibu. Hakuwa mwepesi wa maneno, na alisema polepole. "Nimelala nyumba nyingi kwa kazi hii yangu. Nikifika hapa, anayenipokea ni huyu. Nilipokaribia kufa, aliyeniuguza ni huyu pamoja na mama yake. Jana nilipelekwa kwa watu wengine, na aliyenifuata kuniambia habari za mali yangu ni huyu. Kama huyu siye mwenyeji wangu, basi sina mwenyeji hapa kwenu. Na mkimwoza, mimi nitalala wapi?"

Hawakucheka tena. Yule mzee mkubwa alinitazama muda mrefu. Hakuwa amewahi kunitazama kabla ya siku ile, zaidi ya kuitikia shikamoo yangu.

"Anayewekewa ng'ombe ndiye anayejibu ng'ombe akipotea," aliniambia. "Akiibiwa, akifa, nani atasimama mbele ya mtu huyu?"

Mama alianza kufungua kinywa. Nilisimama kabla hajasema.

"Nitasimama mimi."

Na kwa kuwa nilikuwa nimeshasimama, na kwa kuwa nilimwona baba mdogo ameshika kofia yake mkononi na uso umemwanguka, hasira zangu zikaniishia. Alikuwa na mwana asiyeoa, na alikuwa ameona ng'ombe akiingia kwenye zizi lake, na sasa anamwona anatoka. Nikasema, "Ndama atakayekuwa haki yangu, wa kwanza nitakayepewa, ni wa kaka. Mpeleke Kemambo uwaambie wakwe ametoka kwa dada yake."

Mzee mkubwa aliitikia kwa kichwa. Akasema kwamba mtu mwenye ng'ombe wa watu mikononi hahamishwi, mpaka mwenye ng'ombe aje amwondoe mwenyewe, na kwamba hayo si maneno mapya, ni ya zamani, ila tu hayajawahi kusemwa kwa msichana. Wengine wakaguna kukubali. Mmoja hakukubali, akaondoka na kiti chake.

Baba mdogo alivaa kofia yake. Kisha akaenda kwenye kigingi akafungua kamba. Nilidhani atampa Mzee wa Pampu, au mama. Alikuja nayo mpaka nilipokuwa nimesimama. "Umesema kama mtu mwenye mji," akaniambia kwa sauti ya chini, akaniwekea kamba kiganjani na kukifunga kiganja changu kwa mkono wake.

Tulirudi kwa njia ya senta. Mama na Mzee wa Pampu walibaki nyuma wakizungumza habari za mapacha wa mbuzi, mimi nikatangulia na mtamba. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na alinivuta kila penye majani. Wasichana hawaongozi ng'ombe barabarani kwetu, na watu walitoka madukani kutazama. Karibu na mashine ya kusaga mzee mmoja nisiyemjua alinisimamisha kwa fimbo. Huku kwetu, kwa sababu ya wezi, yeyote anayepita na ng'ombe huulizwa, na asiyejibu sawasawa hapiti.

"Ng'ombe wa nani huyo?"

Tangu nizaliwe nilikuwa nimejibu maswali ya watu kwa kusema ni cha mama, ni wa mama, muulizeni mama.

"Ni wa mgeni wangu," nikasema.

Aliondoa fimbo, nikapita.